Sauti ya Bi Mpira

Mkunazini, Unguja
10 Machi 1968

Mdogo wangu Gharib,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba hajambo huko Bububu. Mguu unamsumbua asubuhi, ikifika adhuhuri anausahau, anatoka kwenda kubishana na watu barazani. Mume wangu Ame anakusalimu na anauliza kama kweli huko watu huvaa soksi kitandani. Mimi mzima. Kazi ya ukunga ni ile ile, ila siku hizi nusu ya wiki nasomesha wasichana wa mwaka wa kwanza.

Na hapo ndipo penye maneno. Kile chombo cha kufundishia mlichokiunda huko Ujerumani karakanani kwenu kimefika. Kilikuja ndani ya sanduku refu kama jeneza, na wapagazi walipoinua kifuniko mmoja wao alitoka mbio mpaka njiani. Mwanamke mzima wa mpira! Rangi yake kama yetu, nywele za kweli, macho ya gilasi yanayofumba ukimlaza. Ukitia umeme kifua kinapanda na kushuka, tumbo linakaza na kulegea, na ndani ya kichwa mmemtia tepu, analia kama mzazi mwenye uchungu. Wasichana wamekwisha kumpa jina, Bi Mpira.

Gharib, simpendi. Watoto wetu wanafunga matambara wakayaita mwana, na hakuna anayetishika. Huyu ananitisha kwa sababu sijui nimwekee uso gani. Siku ya kwanza alipolia "Mgongo wangu!" mkono wangu ulikwenda wenyewe mgongoni mwake, na mdomo ukasema, "Pole, bibi." Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimempa pole nani?

Halafu ile sauti. Ni Kiswahili cha hapa hapa mjini. Ni ya nani?

Jengine. Bi Kidawa, mama yake Shemsa, anakusalimu. Unakumbuka alikuwa jirani yetu kabla hajahamia Kiembe Samaki. Barua za Shemsa bado zinapitia kwangu, na sasa inanibidi nimsomee. Zamani Shemsa alikuwa akimwandikia kwa hati za Kiarabu na mama akisoma mwenyewe. Mwaka wa pili huu zinakuja za mashine ya chapa, kwa herufi za Kizungu, na Bi Kidawa herufi hizo hazijui. Shemsa anasema anajizoeza mashine. Nyinyi mko nchi moja, basi mwambie amwandikie mama yake kwa mkono, hata mistari miwili.

Jitunze na baridi.
Dada yako, Tabia


Leipzig
2 Mei 1968

Dada Tabia,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo yangu na umwambie mguu si wa kubishana nao. Theluji imekwisha, viazi havijesha. Mwambie shemeji Ame kwamba soksi kitandani ni kweli, na mimi pia navaa.

Nimefurahi kwamba chombo kimefika salama. Msikiache juani, mpira utapasuka. Tepu ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu.

Unasema anakutisha. Sisi humu karakanani hatumwogopi, kwa kuwa tunamwona vipande vipande, leo mkono, kesho taya. Nikuambie anayeogopwa huku ni nani? Ni mimi. Siku moja ndani ya tremu bibi mmoja alinitazama vituo vitatu, kisha akakishika kiganja changu akakisugua kwa kidole, kuona kama rangi itatoka. Haikutoka. Akaniomba radhi, tena kwa adabu, akahama kiti. Nilikuwa na kila kitu cha mtu, na bado hakuwa na hakika. Nimeifikiri sana siku ile. Naona ile khofu alikuja nayo yeye, mimi sikumpa. Alitakiwa aamue pale pale kama huyu ni mwenzake au si mwenzake, na hakuwa na pa kushika. Nawe ndivyo ulivyo mbele ya Bi Mpira.

Sauti ni ya mtu aliyejitolea tu.

Shemsa hajambo. Yuko mji mwengine kwa mazoezi ya uuguzi, shughuli zimemzidi. Nitamfikishia salamu.

Wako, Gharib


Mkunazini, Unguja
20 Juni 1968

Gharib,

Sote wazima, tunashukuru. Baba kaanguka kidogo lakini hakuvunjika. Barua yako imechukua wiki tano njiani na bahasha imegundishwa mara mbili. Kama yuko mwengine anayetusoma, naye namsalimu.

Umenijibu mengi nisiyokuuliza. "Mtu aliyejitolea." Ndugu yangu, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika ukunga. Anayeigiza uchungu hulia kooni. Anayezaa kweli hufika pahala akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kunakomwambia mkunga kaoshe mikono. Bi Mpira ananyamaza vile. Hakuna fundi wa kumfundisha mtu kunyamaza vile. Yule mwanamke alikuwa anazaa, Gharib. Ni nani? Na mtoto wake yuko wapi?

Nikwambie na jengine ambalo sijamwambia hata Ame. Wiki iliyopita nilikuwa na mzazi wa kweli, msichana wa Bububu, mimba ya kwanza. Akalia, nami nikamwambia, "Pole, bibi, karibu unamaliza," kwa sauti ile ile ninayompa Bi Mpira mbele ya wanafunzi, na mkono pahala pale pale. Msichana akanikamata kifundo cha mkono akaniuliza, "Lakini unanisikia?" Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikuwa nikimsikia. Tangu siku hiyo nimejua ninachokiogopa. Siogopi Bi Mpira kuwa mtu. Nnaogopa kwamba upole wangu unaweza kwenda wenyewe kama pampu yake, bila ya mimi kuwamo. Yule msichana alitambua. Je, na yule ambaye hatatambua?

Bi Kidawa alikuja Ijumaa. Nimemsomea barua mpya ya Shemsa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu kapata adabu."

Nikamwambia, "Si jambo la kushukuru hilo?"

"Shemsa hajapata kukubaliana nami hata kwa jambo moja tangu alipoota meno," akasema. "Nikisema mvua, yeye jua. Huyu kila nnalomwambia, naam mama, kweli mama. Barua ya sita hii."

Kisha akaniomba nimwandikie jawabu, maana yeye husoma tu, haandiki. Anamuuliza Shemsa kama anakumbuka harusi ya shangazi yake huko Uroa, alipopotea akiwa na miaka sita, wakaja kumkuta ufukweni amelala juu ya makumbi ya nazi. Nimeiandika kama alivyosema na nimeitia posta kwa anwani ile ile ya bweni lake.

Nakungoja.
Tabia


Leipzig
28 Agosti 1968

Dada Tabia,

Shikamoo, na pole kwa Baba. Nilikuwa na mitihani, ndiyo maana nimechelewa. Nimefaulu.

Nakuomba usiniulize tena habari ya ile sauti. Si siri ya serikali wala ya karakana. Niachie tu. Kama inakusumbua, zima tepu, Bi Mpira asomeshe kimya.

Na Bi Kidawa mwambie kwamba watu wakiwa mbali hubadilika. Mtu akikaa peke yake katika nchi ya watu hujifunza kukubali. Tena mimi nauliza, mama anayepata barua ya upole kila baada ya miezi mitatu, akalala na moyo mkunjufu, amepata khasara gani? Kama maneno yanamtuliza, yana ubaya gani maneno hayo?

Nasikia darsa inaanza. Nakuaga.
Gharib


Mkunazini, Unguja
14 Oktoba 1968

Gharib,

Baba mzima. Ame mzima. Habari za nyumbani ni hizo na leo sina nyengine.

Barua ya Shemsa ilikuja Jumatatu. Nikampelekea Bi Kidawa mwenyewe, kwa sababu njia ya Kiembe Samaki imekuwa ndefu kwake. Alikuwa anachambua mchele. Nikakaa mkekani nikasoma. Ninayo mbele yangu, nakunukulia: "Nakumbuka sana, mama, siku ile ya Uroa. Nakumbuka harufu ya makumbi, na jinsi ulivyonipiga kofi kwanza, kisha ukanikumbatia na kulia. Kila nikiona pwani nakumbuka."

Bi Kidawa akasukuma sinia pembeni.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Shemsa hajafika Uroa," akasema. "Hajapata kufika hata siku moja. Wala shangazi wa kuolewa Uroa hana. Nimeitunga hiyo."

Nilijihisi kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi mkononi, na sikuwa nimeiba kitu.

"Mwanangu angenambia, mama umeanza kuzeeka, Uroa ipi hiyo? Angenicheka. Huyu amekumbuka mpaka na kofi." Akanitazama machoni. "Wewe ndiye unayenisomea, Tabia. Nani anayeniandikia?"

Nikamwapia kwamba sijui. Sina hakika kama aliniamini. Alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hajapata kulifanya, kama anayetaka kuhakikisha nimetoka.

Asubuhi yake nilikwenda skuli mapema kabla ya wanafunzi. Somo letu huishia pale Bi Mpira anapolia mara ya mwisho, hapo huzima. Safari hii sikuzima. Tepu ikaenda kimya muda mrefu, ikikwaruza tu, kisha kukatoka sauti ya mwanamme, kwa mbali: "Vumilia Shemsa, vumilia, karibu, karibu." Na baada yake kilio cha mtoto mchanga. Kikakatika.

Ile sauti ya mwanamme nimeilea mimi, Gharib. Nimeifundisha kusema alif na be. Usinambie ni ya mtu aliyejitolea.

Niandikie ukweli, au usiniandikie kabisa.
Tabia


Leipzig
25 Januari 1969

Dada Tabia,

Shikamoo, hata kama hutoipokea.

Zaidi ya miezi miwili nimekaa na barua yako mfukoni. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na kila mara nilijikuta natunga. Mkono umeshazoea. Leo naandika bila ya kusoma nyuma.

Shemsa amekufa. Alikufa tarehe sita Novemba 1966, saa tatu baada ya kujifungua. Damu ilikataa kusimama. Madaktari walifanya walivyoweza, nilikuwapo. Tulimswalia watu watano, wenzetu wa Unguja, na tukamzika huku.

Alikuwa mke wangu. Tulioana Rajab ya mwaka wa kabla yake, mashahidi wawili, bila ya kumwambia mama yake. Tulisema tukipata mtoto tutaandika barua moja yenye habari zote mbili, na hasira zote ziishe kwa siku moja.

Habari ya tepu ni hii. Karakana ilitaka sauti ya Kiswahili. Shemsa mwenyewe akasema, "Wachukue yangu. Wasichana wa kwetu wasikie uchungu wa kweli kwa lugha yao, wasije kuugundua wodini." Alikuwa muuguzi, hakuona haya. Mimi ndiye fundi niliyetumwa kurikodi. Dada, mimi nilishika kipaza sauti. Yeye alikuwa ananyoosha mkono, na mimi nimeshika kipaza sauti na kutazama kama sindano ya mashine inacheza sawasawa. Mkono wake niliushika mwisho kabisa.

Chuo chake kilipeleka khabari ya kifo kwa anwani ya zamani ya Mkunazini. Bi Kidawa alikuwa keshahama. Baada ya miezi mitatu barua ilirudi, wakanikabidhi mimi. Lakini kabla ya hapo, mwezi mmoja tu baada ya maziko, mlinzi wa bweni lake alinipa barua aliyoandikiwa Shemsa. Mama yake anamuuliza kama baridi imeanza na kama amepata mtu wa kufuturu naye. Ramadhani ilikuwa inaingia. Nikasema nimwache afunge kwa salama, nimwambie baada ya Idi. Hati ya Kiarabu ya Shemsa nisingeweza kuiga, nikachukua mashine ya chapa. Nikaandika kwamba baridi imeanza na futari ipo.

Barua ya kwanza ilinitia homa. Ya pili ilikuwa nyepesi. Ya tatu nilianza kuingoja mwenyewe, kwa kuwa nilipokuwa naandika nilimsikia Shemsa anasema. Lakini hakupata kunambia neno nisilolijua. Hata mara moja hakunikatalia. Nilijua kwamba hilo ndilo lililokosekana, nami sikuweza kulitia, maana kila nikijaribu ubishi wake, ubishi ule ulitoka wangu.

Nilikuuliza maneno ya upole yana ubaya gani. Nilikuwa najiuliza mimi.

Mtoto yuko hai. Ni msichana, tunamwita Mize. Ana miaka miwili na miezi miwili, analelewa nami na jirani mmoja mzee wa Kijerumani. Picha yake imo humu. Kama unaweza, mwambie Bi Kidawa. Mimi siwezi, na kwa barua tena nimejiharamishia.

Gharib


Mkunazini, Unguja
16 Machi 1969

Gharib,

Tumemaliza Idi ya kuchinja. Baba sijamwambia. Nitamwambia, lakini si kwa mpigo.

Bi Kidawa nilimwambia siku ya tatu ya Idi. Sikutanguliza maneno. Nilisema, "Shemsa kafariki, tangu mwaka wa sitini na sita, katika uzazi." Hakupiga ukelele. Alisema, "Inna lillahi," kisha akasema, "Nilikuwa nshajua, nilikosa tarehe tu." Akaniuliza aliyeandika ni nani, nikamwambia ni ndugu yangu, na kwamba alikuwa mumewe. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, na sikujua hasira ipi ilikuwa juu ya mwenziwe, ya ndoa ya siri au ya barua.

Siku saba kisomo kilikaa nyumbani kwake. Watu walisita kidogo, maana hawajui msiba wa zaidi ya miaka miwili unaliliwaje. Wengine walimtazama yeye kwa shaka, kama kwamba alificha. Hiyo nayo ni kazi yako.

Siku ya nane akaja skuli. Akasema, "Nataka kusikia."

Nikawatoa wasichana. Alipomwona Bi Mpira, kifua kikipanda na kushuka, macho wazi, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Akasoma aya kidogo. Kisha akaupa ule mwili kisogo, akatazama ukuta, akasema, "Washa."

Nikawasha. Unajua kilichomo. Maji. Mgongo wangu. Na pale anapoita "Mama!" mara tatu. Bi Kidawa alisimama wima na mikono yake ikafumbata upande wa kanga. Ulipofika ule wakati wa kunyamaza, alisema polepole, "Sasa." Alijua, kama mkunga.

Nilipozima alikaa juu ya kiti cha mwanafunzi.

"Huyu ndiye," akasema. "Akiwa na homa alikuwa akiniita hivyo hivyo, mara tatu."

"Nisamehe, Bi Kidawa. Ningejua nisingeiweka mbele ya watu."

"Nyinyi mnakiogopa chombo hiki. Hata mimi kinanitisha, sitaki kukitazama. Lakini hakijanidanganya. Kinasema alilosema mwanangu, kisha kinanyamaza. Ndugu yako kamsemesha mwanangu asiyoyasema. Miaka miwili nimeishi na mtu asiyekuwapo, nimemwambia siri zangu. Yeye alikaa huko anazisoma." Akafuta uso. "Nani alinijibu niliposema nna uvimbe kifuani? Nani yule aliyenambia, mama usikhofu?"

Ule uvimbe hakuwa amenambia mimi. Ile barua alikwenda kuandikiwa na mtu mwengine, na jawabu nililomsomea lilisema usikhofu tu, bila ya kutaja uvimbe. Nimempeleka kwa daktari Jumatano, ameutazama, amesema si wa kutisha. Lakini hukujua hilo ulipomwandikia asikhofu. Ulisema kwa kuwa ndilo linalosemwa.

Nilimwambia kwamba Shemsa alikubali mwenyewe sauti yake ichukuliwe.

"Nani kasema?"

"Gharib."

"Tena Gharib," akasema. Basi hapo akaamua. Tepu itolewe, ikae kwangu imefungwa, mpaka wewe uje umwapie uso kwa uso kwamba mwanawe alikubali. Nimeitoa. Bi Mpira sasa anapumua bila ya kusema, na wasichana wanasema hivyo anatisha zaidi.

Kisha nikampa ile picha. Aliitazama muda mrefu, akanirudishia.

"Anaitwa nani?"

"Mize."

"Jina la mama yangu." Nikadhani amelainika. Akasema, "Na jina hilo nilimtajia mimi mwenyewe, katika barua. Kila nilichokuwa nacho nimempa, akanirudishia kama cha mwanangu. Mtu aliyeniundia mwana hashindwi kuniundia mjukuu."

Na ukitaka kweli, nami niliitazama picha ile tena usoni, nikitafuta kama ni ya mtoto wa jirani.

Tabia


Leipzig
30 Aprili 1969

Dada Tabia,

Shikamoo. Kila alilosema ni haki yake. Jina nilikuwa nshampa mtoto kabla ya barua ile, lakini sina shahidi wa karibu, na sitamwomba aniamini.

Mkataba wangu na karakana unakwisha mwakani. Nimeomba ruhusa mapema, nimekataliwa. Mcha, mmoja wa wale tuliomswalia Shemsa, anarudi Unguja mwezi wa Agosti na mkewe Bahiya. Wamekubali kumchukua Mize. Nimemwambia Mcha akienda kwa Bi Kidawa amsimulie maziko kwa kinywa chake, na ajibu lolote atakaloulizwa, hata likiwa baya kwangu.

Mtoto hajui Kiswahili isipokuwa maneno machache. Nilikuwa nashindwa kumsemesha. Kila nikifungua mdomo kwa lugha ile nilisikia tepu.

Sijamwambia kwamba anakwenda kwa muda mrefu. Nimemwambia anakwenda kuona bahari.

Gharib


Mkunazini, Unguja
10 Agosti 1969

Gharib,

Baba anajua. Alikaa siku mbili hasemi na mtu, siku ya tatu akauliza mjukuu anapenda nini. Hajambo. Ame anakusalimu, kwa ufupi.

Mcha na Bahiya wamefika Alkhamisi kwa ndege ya adhuhuri. Kutoka kwa Bi Kidawa mpaka uwanjani si mbali, lakini hakwenda. Alisema hatoki kwenda kumpokea mtu asiyemjua. Alikaa sebuleni na mlango wazi, nami nimekaa naye.

Mcha alimsimulia kila kitu, mkeka aliolazwa, nani alimwosha, mvua ilivyonyesha, jina gani limechongwa. Bi Kidawa alimuuliza mambo yale yale kwa njia tatu mbali mbali, kama hakimu. Mcha hakubabaika, na pale asipojua alisema sijui. Naona hayo "sijui" yalimsaidia zaidi kuliko mengine yote. Aliuliza pia kama Shemsa alikubali kurikodiwa. Mcha akasema, "Hilo sikuwapo, mama." Kwa hiyo tepu bado iko kwangu, imefungwa.

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya Bahiya, viatu vizito miguuni, uso mwekundu kwa joto. Bi Kidawa hakumwita. Alimtazama kama alivyomtazama Bi Mpira, mgongo kwenye ukuta. Halafu Mize akaanza kusema. Alisema mengi, kwa Kijerumani, kwa haraka, na kidole akinyoosha uani. Bahiya akataka kutufasiria. Bi Kidawa akamzuia kwa mkono.

"Muache. Usinambie anasema nini."

Akamsikiliza mtoto mpaka akamaliza, bila ya kufahamu hata neno moja. Nilimwona uso wake ukilegea kidogo kidogo. Hayo maneno hakuna aliyeyatunga kwa ajili yake. Hayakumjibu chochote alichouliza. Kisha akainuka, akamvua mtoto vile viatu, akamchukua uani, akamwosha miguu.

Jioni nilipokuwa naondoka nilimuuliza nikwandikie nini. Akasema, "Mwandikie mtoto kafika." Nikauliza, na mengine? Akasema hapana mengine. Habari za nyumba hii hazipiti tena kwenye karatasi kwenda kwako, hata zikiwa za kweli.

Nami namtii, Gharib. Hukumu ni yake, na naona ni ya sawa. Nimekaa hapa na mengi ya siku tatu hizi ambayo ungeyapenda, na siyaandiki. Ukitaka kujua mtoto anakula nini, anamwita nani mama, na kama ameshauliza uko wapi, maliza mkataba wako, uje, ukae mbele ya Bi Kidawa, uulize kwa mdomo wako.

Mtoto kafika.

Dada yako,
Tabia